Tende Mahali pa Ua la Sita

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika shule ya wasichana hapa Lamu, na wanafunzi wangu hunicheka kwa jambo moja: naipenda himoglobini kama watu wengine wanavyowapenda waimbaji wa taarabu. Sikatai. Wako walimu wanaoingia darasani na kitabu. Mimi huingia na yai bichi, ndimu mbili na kipande cha samaki cha asubuhi ile ile, na wasichana wa safu ya mbele huziba pua kwa ncha za mitandio kabla sijatoa salamu.

Samaki namkatia ndimu, namweka dirishani, naendelea na somo. Kengele inapokaribia kulia namchukua tena. Nyama yake iliyokuwa ya kung'aa imekuwa nyeupe, imeshikana, utadhani imetoka jikoni. Nawauliza, "Nani amewasha moto?" Hutazamana. Hapo ndipo ninapopata raha yangu, kwa sababu wasichana hawa wamekula samaki wa ndimu tangu wanaota meno na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza.

Huwaambia kwamba protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na kwamba kipande na kipande vimeshikana kwa kifungo imara ambacho ndimu haikiwezi. Lakini mnyororo haukai umenyooka. Hujikunja, hujipinda, hujifumba mpaka upate umbo lake, na kinachoushika katika umbo hilo ni vifungo vingine vidogo, dhaifu, vingi mno. Vifungo hivyo dhaifu ndivyo ndimu inavyovilegeza. Moto nao huvilegeza, ndiyo maana yai likishakaangwa halirudi tena kuwa bichi hata uliombee dua. Kazi ya protini imo katika umbo lake, na umbo lake limo katika vifungo. Kipande kimoja kikikosea mahali, umbo huweza kuharibika lote.

Siku moja, tulipofika kwenye DNA, nilichora ngazi iliyosokotwa, nikaonyesha jinsi herufi A inavyomshika T kwa vifungo viwili vya haidrojeni, na G anavyomshika C kwa vitatu. Nikasema hivyo navyo ni dhaifu. Msichana mmoja kutoka Faza, ambaye kwa kawaida husinzia, akainua mkono. "Mwalimu, kitu chenye thamani hivyo, mbona Mwenyezi Mungu akakifunga kwa vifungo dhaifu?"

Nimefundisha miaka mingi na sijaulizwa swali zuri kuliko hilo. Nilimwambia kwamba ngazi ile ni lazima ifunguke kila siku ili isomwe na ifunguke tena ili inakiliwe. Ingefungwa kwa vifungo vya nguvu isingefunguka kamwe, ingekuwa kama sanduku la arusi lililopotea ufunguo. Kifungo kimoja peke yake hakina nguvu, kidole kimoja hakivunji chawa. Vikiwa mamilioni, vimepangana, hushika. Mbavu za ngazi ndizo zenye vifungo vya nguvu, ili herufi zisitawanyike. Vidato vya kati ndivyo dhaifu, ili zisomeke. Nikajikuta nimesema "Subhanallah" kwa sauti, na darasa zima likaitikia.

Nimeanza na haya ili ijulikane mimi ni mtu wa namna gani. Nikiona kitu kizuri siwezi kunyamaza, na karibu tabia hiyo iniharibie jambo kubwa nyumbani kwetu.

Nyumbani kwetu ni mtaa wa Langoni. Tuko watatu: mimi, mdogo wangu wa kike ambaye mumewe hufanya kazi Mombasa na huja kila apatapo likizo, na bibi yetu mzaa mama. Mama yetu alifariki zamani. Bibi ni mtu wa Pate. Alikuja Lamu akiwa na binti mmoja mkononi, yaani mama yetu, na hakurudi tena kwao ila kwa maziko. Mpaka leo hajaiacha lugha yake, kwake nchi ni nti, njia ni ndia, maji ni mai na jana ni yana, na sisi tukiwa naye huzungumza vivyo hivyo, ingawa darasani mimi husema Kiswahili cha mtihani.

Kazi ya Bibi ni asumini. Kila alasiri huketi katika kiwanda, yaani ule uwanja mdogo wa ndani ya nyumba usio na paa, akatunga maua kwa sindano na uzi, ua moja nyuma ya jingine. Wanawake wa Mkomani humwagizia vikuba vya arusi, vile vishada vya maua ya kunukia, kwa sababu vyake havimwagiki. Kazi yake ya pili ni kukanda wazazi. Mwanamke yeyote wa ukoo wetu akijifungua, Bibi huenda na mafuta yake ya nazi, akamkanda kwa maji ya moto mpaka siku arobaini zitimie. Mikono yake inasifika. Lakini mtoto hamgusi.

Hilo ndilo lililokuwa jambo letu. Kwetu mkongwe wa nyumba ndiye amuoshaye mtoto mchanga, amnyooshe viungo, amsomee, amtie wanja. Bibi ndiye mkongwe wetu, na sijapata kumwona na mtoto mikononi. Akiletewa husema, "Mimi hukanda mama. Mwana mpeni mwengine." Husema kwa upole, akaigeuza mikono yake nyuma kama aliyeshika uchafu. Mama yetu alituambia kwamba hata sisi hakutuosha.

Sababu tuliijua, maana mama alitueleza kwa kunong'ona. Bibi alikuwa na mtoto wa kwanza, mwanamume, mjomba wetu tusiyemwona. Tangu uchanga alikuwa mgonjwa wa kuja na kuondoka. Viganja na nyayo vilimvimba, macho yakawa manjano, na kila upepo wa kusi ulipoanza alilia mifupa. Waganga walisema ni jicho, wengine wakasema ni shetani wa pwani. Ikaja siku ya Mwaka, Nairuzi, na siku hizo watu wote walishuka baharini alfajiri kuoga mwaka, ili maradhi na nuhusi za mwaka uliopita zibaki majini. Bibi alimbeba mwanawe mgongoni, meno yake ya utoto yameanza kung'oka, akamtia baharini pamoja na watoto wa mji mzima. Jioni mtoto alishikwa na maumivu ya kifua na mifupa, na hakuiona Ijumaa. Babu alisema mbele ya watu, "Umemuua mwanangu kwa mai baridi." Akampa talaka. Bibi akaja Lamu na mama yetu, na tangu hapo mikono yake haikumgusa mtoto mchanga.

Basi mdogo wangu akapata mimba yake ya kwanza. Katika zahanati walimpima damu, akarudi na uso umemshuka. "Wamesema nabeba siko seli. Eti si mgonjwa, lakini nabeba. Ni nini hiyo, dada? Wewe si ndiwe mwalimu?" Mumewe naye akapimwa huko Mombasa, akaonekana hana, kwa hiyo mtoto hangekuwa na ugonjwa. Nilimtuliza kwa hilo, akatulia. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia.

Viganja kuvimba. Macho ya manjano. Maumivu ya mifupa kila kusi. Nimeyafundisha mambo hayo kutoka ubaoni miaka yote, na haikunijia akilini kamwe kwamba nilikuwa nikimsimulia mjomba wangu. Nilikwenda kupima mwenyewe. Ninayo na mimi. Nilisimama nje ya maabara, karatasi iko mkononi, nikacheka peke yangu hata bwana mmoja aliyekuwa akimfunga punda wake akaniuliza kama nimefaulu mtihani.

Niseme ukweli, sikuogopa, nilistaajabu. Kitu chenyewe ni kidogo mno. Katika ngazi ile ndefu ya DNA, katika kidato kimoja tu, A na T wamebadilishana viti. Vifungo baina yao vilikuwa viwili na vimebaki viwili. Ngazi haikulegea, na ukiitazama hutaona kasoro. Lakini herufi hiyo ikisomwa ili mnyororo wa himoglobini utungwe, kipande cha sita kinakuwa si kile kilichotakiwa. Kile cha asili kilipenda maji, kilikaa nje kwa amani. Huyu mgeni huyakimbia maji. Hutafuta pa kujificha, na mahali anapopapata ni katika himoglobini ya jirani. Basi wanashikana, wa pili na wa tatu, mpaka wanakuwa fimbo ndefu ndani ya chembe ya damu, na chembe iliyokuwa ya mviringo na laini inapindika kama mundu. Ndiyo maana wengine huuita ugonjwa huo selimundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa myembamba, na mwenye nazo hulia mifupa.

Nilikuwa nikitembea nayo haya barabarani, nikijiambia kwamba mama alikuwa nayo, na Bibi alikuwa nayo, na kwamba Bibi hajui. Anadhani ni mikono yake. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa karibu kuzaliwa, na Bibi ni mtu mzima sana, na kama hatamwosha huyu basi hatamwosha yeyote.

Mtoto alizaliwa salama, mwanamume, mwenye kelele. Bibi alimkanda mdogo wangu kama ada yake, na mtoto akaletewa jirani wa kumwosha. Jirani alikuwa na pupa, akimgeuza mtoto kama anayeosha vyombo. Mdogo wangu alilia. Si kwa sababu ya jirani. "Bibi yupo hapo, dada. Yupo hapo mlangoni anatazama, na hamshiki mwanangu."

Alasiri moja sikustahimili tena. Bibi alikuwa kiwandani na sinia yake ya asumini. Nikaketi kitako mbele yake na sahani ya tende.

"Bibi, nataka kukuonyesha kitu cha damu yetu."

"Ya shuleni hayo?"

"Ya shuleni, na ya kwetu."

"Haya, somesha," akasema, na sindano yake haikusimama.

Nikamwomba anitungie nyuzi fupi, maua kadhaa katika kila uzi. Nikamwambia kila uzi ni mnyororo ndani ya damu, ndio unaobeba pumzi kutoka kifuani na kuipeleka mwilini. Tukaweka nyuzi zile sahanini, nikatikisa. Zikateleza kila moja kivyake. "Hini ndiyo damu nzima," nikasema. Kisha nikamwomba atunge nyingine, lakini mahali pa ua la sita atie kipande cha tende. Alinitazama kama aliyeona mtu amevaa kiatu kichwani, lakini akatunga. Tukazitia sahanini, nikazifinya kidogo. Tende ikashika tende, uzi ukashika uzi. Nilipozinyanyua zilitoka zote pamoja, bonge moja gumu, na maua yamevunjika.

Bibi aliacha kutunga. Alilichukua lile bonge akaligeuza huku na huku, akajaribu kuuvuta uzi mmoja, haukutoka.

"Kwa tende moya tu?"

"Kwa tende moya tu, Bibi. Maua mengine yote ni yale yale."

"Lahaula," akasema polepole. "Na nani aliyeitia?"

"Hakuna aliyeitia. Mtu huzawa nayo."

Akalirudisha bonge sahanini. Nikamwambia basi kuhusu viganja vya kuvimba na macho ya manjano, bila ya kumtaja mjomba, na hakukuwa na haja ya kumtaja. Uso wake ulianza kulegea. Nilikiona kitu ambacho sijakiona kwake maishani, nikafurahi mno, na nilipofurahi nikawa mwalimu tena.

Akauliza, "Na hini tende hushika saa zote, au ina wakati wake?"

Swali la msichana wa Faza lilipata mwenzake. Nikalirukia. "Ina wakati wake! Mnyororo ukibeba pumzi, tende haipati pa kushika. Ukishaitua ile pumzi, ndipo tende hutafuta mwenzake. Kwa hivyo mtu akikimbia sana, au akishikwa na kiu, au homa, au baridi..."

Nilisikia neno langu likitoka na sikuweza kulirudisha.

"Baridi," Bibi akasema.

"Bibi, si..."

"Baridi ya mai?"

Nikaitazama sahani. Alizikusanya asumini zake, hata zile zilizovunjika, akazifunika kwa kitambaa cha maji. "Zitanyauka," akasema, akainuka akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Nilibaki na sahani yenye tende na siafu wameanza kuja.

Mdogo wangu alitoka na mtoto begani. "Umemwambia nini Bibi?"

"Kweli."

"Kweli gani hiyo? Maskini alikuwa na hatia ya kusingiziwa, wewe umempa yenye ushahidi wa vitabu! Dada, wakati mwingine funga mdomo wako."

Ndivyo nilivyofanya. Nilikuwa nimekwenda kumtoa mtu kifungoni nikamwongezea kufuli. Usiku ule chakula chake kilirudi kama kilivyokwenda. Niliwaza kumwambia uongo, kwamba nimekosea, kwamba baridi haina neno. Ningeweza. Lakini Bibi ananijua tangu natambaa, na uongo wangu huuona kabla sijaumaliza.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri aliniita mwenyewe. Sinia ilikuwa mbele yake lakini hakuwa anatunga. Macho yamemvimba. "Ndoo, keti. Yana uliniambia nusu. Yeo nambiya yote, na usinifite."

Nikaketi.

"Hiyo tende, mwanangu aliipata wapi?"

Nikamwambia kwamba kila mtu ana nakala mbili za maandishi ya damu yake, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye tende katika nakala moja tu haumwi. Huishi akazeeka. "Kama wewe, Bibi. Na kama mama, na sisi wawili, sote tunayo moya. Tena hiyo moya ina faida, humkinga mtoto na malaria kali."

"Ndipo mbu wa Pate wakanishindwa," akasema. Lakini mawazo yake hayakuwa kwa mbu. "Na mgonjwa?"

"Mgonjwa ana mbili. Lazima awe amepata kote kuwili."

Akaninyooshea kidole. "Kwa hivyo babu yako."

"Naye alikuwa nayo. Hakuna ndia nyengine, Bibi. Ingekuwa yako peke yako, mjomba angekuwa mzima kama mama."

Alijifunika uso kwa viganja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainuka kumshika. Alikuwa anacheka.

"Unayua alinambia nini siku ya talaka? Kwao hakuna damu mbovu."

"Kwao wapi?"

"Ndiyo hayo! Kwao ni kwetu! Babake na babangu tumbo moya. Mimi ni binti ami yake!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso, na mimi nikacheka naye, tukawa kama wasichana wawili waliovunja gudulia. Mdogo wangu alichungulia, akatutazama, akarudi ndani akitikisa kichwa.

Kicheko kilipomwisha, Bibi aliyashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Sasa nambiya la bahari."

Nilikuwa nimelala na swali hilo. Nikampa jibu nililokuwa nalo. "Bahari ilimuumiza, Bibi. Siwezi kukwambia haikumuumiza. Baridi ile iliamsha maradhi yake."

Aliinamisha kichwa.

"Lakini nijibu na mimi. Kabla ya siku ile, alikuwa akiumwa?"

"Kila kusi. Na mwaka wa nyuma yake tulimchimbia kaburi akarudi."

"Siku ile, wana wengine walikoga?"

"Wana wa mui mzima."

"Wakarudi wakafanya nini?"

"Wakala mikate ya mwaka. Wakateza."

"Na bahari ni ile ile."

Akainua macho akanitazama.

"Bibi, tende ilikuwamo ndani yake tangu hayazawa. Ingemshika kwa bahari, au kwa homa, au kwa kukimbia na wenzake jua kali. Na dawa hazikuwako. Leo ziko za kuwasaidia, na wengine huwa watu wazima, wakaoa. Siku zile hata jina la ugonjwa hakuna aliyelijua Pate. Mkono wako haukufanya kitu ambacho mikono ya mama wote haikufanya asubuhi ile."

Nilitaka kuendelea, nina mengi ya kusema juu ya mambo haya, lakini safari hii nilijizuia. Bibi alikuwa anaitazama mikono yake. Ni mikono mikubwa kwa mwanamke mfupi kama yeye, ncha za vidole zimechomwachomwa na sindano, na hina ya arusi ya juma lililopita imekaa rangi ya chai kwenye kucha.

"Mimi nalimpeleka apone," akasema.

"Nayua, Bibi."

"Nalikuwa na furaha asubuhi ile. Nalisema, mwaka unamtoa maradhi mwanangu. Nalimwambia yafumbe mato, mara moya tu, kisha utapona. Akayafumba. Alikuwa mtiifu." Akaikunja mikono ile mapajani. "Nalimpeleka apone, mwanangu. Sikumpeleka kwa jengine."

Nilifahamu wakati huo kwamba tangu siku ile hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza alimpelekea nini. Walimuuliza kwa nini alimtia majini. Sikuweza kujizuia, nikalia mimi, mwalimu mzima, na yeye ndiye aliyenipangusa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sijazaa, lakini jioni ile nilipata kijipande chake.

Nimevistahi vifungo vya protini tangu nilipokuwa msichana wa shule. Nastaajabu jinsi kitu dhaifu kinavyoweza kushika umbo la mwili mzima. Lakini sijawahi kumstahi mtu kama nilivyomstahi Bibi pale, maana aliupokea ukweli wote, wa kumfariji na wa kumchoma, na hakunirudishia hata sehemu yake. Wasomi wengi nimewaona wakichagua ule wanaoupenda.

Kutoka chumbani mtoto alianza kulia. Ilikuwa saa yake ya kuoshwa, na jirani hakuwa amefika. Mdogo wangu alitokeza mlangoni, mtoto amejikunja begani mwake, akamtafuta jirani kwa macho.

Bibi aliinuka. Alitia mikono yake yote miwili katika ndoo ya udhu akaisugua.

"Tilieni mai," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Hamsikii? Tilieni mai katika beseni. Na yale ya moto jikoni, leteni."

Nilikimbia jikoni nikajichoma kwa sufuria. Mdogo wangu alileta beseni, mtoto bado begani. Bibi aliketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akachovya kiwiko majini. Akasema ongeza ya moto. Nikaongeza. Akachovya tena, akasema ongeza. Kisha akasema punguza, akachovya, akakaa na kiwiko ndani ya maji muda mrefu mpaka nikaogopa kwamba atabadili nia. Kisha alifungua mikono, na mdogo wangu akamlaza mtoto juu ya miguu ile.

Alimshika kama ambaye hajapitisha hata siku moja bila ya kushika mtoto. Kiganja kimoja kilibeba shingo, kingine kikateka maji kikamwagia kifuani, kidogo kidogo. Mtoto aliruka mwanzo, kisha akatulia na kuyafungua macho yake. Bibi akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio lake, akamwita kwa jina ambalo sijapata kulisikia nyumbani kwetu. Halikuwa jina la mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu alitaka kusema, nikamshika mkono.

"Mai ya moto, baba," Bibi alikuwa akimwambia. "Usiogope. Mai ya moto."